Zai, dawa siachi

Zai shoga yangu, mbukwenyi!! Najua ushasahau kuitikia huko Dar ila mi nakusalimia hivo hivo. Mzima? Watoto? Baba Ilham mguu umepona? Huku wote wazima, mama kaenda Mpwapwa kwa bamdogo tangu wiki iliyopita, vumbi ndo lile lile, mvua bado tunaisubiri.

Nisamehe kukaa kimya wiki tatu. Voisi yako niliisikia siku ile ile, nikairudia mara mbili afu nikaweka simu chini ya mto nikashindwa kujibu. Nilikasirika kidogo, nisikudanganye, ila zaidi niliogopa, maana ulichosema ndo nilichokuwa nakiwaza mwenyewe usiku: kama jasho limeletwa na dawa ninazopewa hospitali ya akili ya Mirembe si niache tu dawa. "Achana na hayo madawa ya Mirembe jasho litakata." Umesema kirahisi mno Zai. Nimeamua nikuandikie kwa sababu tukiongea kwa simu nitalia tu na hatutaelewana.

Kwanza hili jasho naona unadhani ni la joto. Si la joto. Mwezi wa saba wa Dodoma unaujua, ule upepo wa usiku, Suzi analala na mablanketi mawili na soksi, mi naamka saa tisa usiku shuka limelowa mpaka godoro, gauni la kulalia nikilikamua kwenye beseni linatoa maji. Kichwani, mgongoni, tumboni, nyuma ya magoti, hakuna pa kusema hapa pakavu. Mchana dukani ndo usiseme. Kuna gauni la bibi harusi nalishona, satini ya krimu, mwenyewe kafuata kitambaa Kariakoo. Niko nimeinama napinda upindo, taulo shingoni, feni inanipuliza usoni, tone likatoka kwenye nyusi likadondokea kifuani kwa gauni. Dogo tu, kama punje ya uwele. Nikalifuta haraka na pamba, likakauka, likaacha duara. Nikapiga pasi kwa ndani, nikatia mvuke, duara liko pale pale na kaukingo kake ka njano kwa mbali. Nikakata pande jipya kwa hela yangu. Na kuna yule dada wa Mtumba nilikuwa nampima kiuno, futi iko mkononi, mkono unadondosha, akarudi nyuma hatua moja. Hakusema kitu wala hakununa, ila ile hatua moja Zai mpaka leo naiona.

Kuhangaika nimehangaika. Zahanati moja walinipa mseto wa malaria bila hata kunitoboa kidole, niliporudi wakanipa tena. Mama mkubwa akaniletea shabu nipake na limao, nikapaka kwapani na kweli kwapa likatulia kidogo, ila mgongo je? Baadaye daktari alinieleza mbona shabu inasaidia, kwamba ile ni chumvi ya aluminiamu, na dawa ya kupaka wanayoandika hospitali ni aluminiamu kloridi, nyingi huwa asilimia 20, unapaka usiku kwapa likiwa kavu asubuhi unaosha, inaziba vile vitundu jasho linapotokea. Sasa mwili una tezi za jasho milioni 2 mpaka 4, utapaka ngapi?

Huyo daktari ndo wa kwanza kuniuliza maswali ya maana. Lilianza lini, lipo na usingizini au nikilala nalo linalala, ni viganja na kwapa tu au mwili mzima, nimepungua kilo, nakunywa maziwa mabichi, natumia dawa gani. Akasema la viganja, nyayo na kwapa mara nyingi linaanza utotoni au ujanani, ukisinzia linakata, na kwenye ukoo unakuta yupo mwingine. Umemkumbuka Baraka na daftari zake zilivyokuwa zinalowa darasa la sita? Ndo lile. Hao ndo wanaosaidika na dawa ya kupaka, au kuloweka mikono kwenye trei ya maji yenye umeme mdogo, au sindano za botoksi ambazo zinashika miezi kadhaa tu afu unachoma tena. Ila mtu mzima akianza kulowa mwili mzima, na usiku pia, hapo kuna kitu nyuma yake na hicho ndo cha kutafutwa kwanza. Nikapimwa: kifua kikuu, VVU, sukari, tezi ya thairoidi hii ya shingoni, na brusela kwa ajili ya maziwa ya kule kwa babu Bahi ambayo tunayanywa bila kuchemsha. Nilingoja majibu roho iko mkononi. Yote salama, Mungu ni mwema.

Ndo akarudi kwenye dawa. Fluoksetini, hii dawa yangu ya sonona, nilianza na miligramu 20 na sikuona tabu, mwezi wa tano wakanipandisha 40, mwezi wa sita jasho hilo hapo. Tarehe nilikuwa nazo zote kwenye daftari la kliniki na sikuwahi kuziunganisha! Akasema hizi dawa zinagusa ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, kwa baadhi ya watu inakosea, inauambia mwili ujipoze wakati hakuna joto lolote.

Kwa hiyo umepatia Zai, dawa ndo imeleta. Ila dawa siachi.

We ulikuwepo. Wewe ndo ulinikuta nimekaa na mkasi mkononi tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, kitambaa kiko mezani kimechorwa chaki tayari na sijakata hata inchi moja. Uliniosha wewe, ukanilisha uji wewe, Suzi ukaondoka naye akalale kwako. Baada ya kumzika Rehema mi sikuwa mtu. Sahivi nakata, nashona, nabishana na wateja, Suzi namsuka nywele mwenyewe. Usiku nalowa ndio, lakini asubuhi naamka. Hospitali iko pale tangu 1927 na mpaka leo mtu akisikia Mirembe anaona vichaa tu, mi naona ule mti wa kliniki tunapokaa kusubiri na yule nesi anayenijua kwa jina. Ukiniambia niache natetemeka. Na hata wenyewe wamenionya vikali nisikate ghafla, zinapunguzwa taratibu huku wanakuangalia, ukikata kwa mpigo ule ugonjwa unaweza kurudi.

Sasa nimewekewa njia mbele na tarehe 14 nikirudi kliniki wanataka nichague. Moja ni kurudi 20 polepole tuone kama jasho litapungua na moyo utabaki palepale. Ya pili ni kubadilishiwa dawa nyingine ya aina tofauti, ila mpya inachukua wiki kadhaa kushika na hizo wiki za katikati ndo naziogopa, na hata hiyo mpya hakuna anayeniahidi kwamba haitaniletea jasho. Ya tatu ni kubaki na 40 na kuongezewa kidonge kinaitwa oksibutinini. Chenyewe ni cha watu wenye matatizo ya kibofu cha mkojo, ila kinazima ile amri ya neva inayofungua jasho, mwili mzima kwa pamoja, na wanaanza na kidogo, miligramu 2.5. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Afu akaniambia na ya upande wa pili: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unaweza kugoma, na macho yanaweza kuona ukungu. Macho Zai! Mi natunga uzi kwenye sindano namba tisa. Na kikubwa zaidi, jasho ndo linapoza mwili, ukilifunga mwezi wa kumi na moja hapa Dodoma jua la saa saba, ukatembea kutoka Majengo mpaka Sabasaba na mzigo, joto linabaki ndani na mtu unaweza kuanguka. Kwa hiyo nikikinywa ni kukaa kivulini na maji pembeni.

Ile operesheni uliyosikia kwa Mama Ilakoze niliuliza pia. Ipo, wanakata neva kifuani, lakini hiyo ni ya viganja hasa, na wengi wakishafanya jasho linahamia mgongoni na tumboni. Mi ndo huko huko linakotoka.

Moyo wangu unaelekea kurudi 20. Afu usiku ukifika nasema hapana, chukua kidonge. Afu namkumbuka Rehema na nasema usiguse chochote, lowa tu. Nimezunguka hapo wiki tatu. Juzi nimenunua shuka za pamba mbili pale Majengo, nalaza taulo juu ya godoro, angalau usingizi unarudi haraka.

Kabla sijasahau, mama yako si ana presha ya macho? Asije akapewa hiki kidonge na mtu duka la dawa kisa na yeye anatoka jasho, kwa mwenye presha ya macho kinaweza kuwa hatari, lazima daktari wa macho aseme kwanza.

Sasa niambie. Nikirudi 20 na nikaanza tena kukaa kaa, we utajua kwa sauti yangu kama ulivyojua mwanzo? Nikikuomba unipigie kila jioni huo mwezi mmoja utaweza au nakuchosha? Ulisema acha dawa kwa sababu ya jasho, au kuna mtu kanisema? Mama Ilakoze anajua naenda Mirembe? Na tarehe 14 ni Ijumaa, ukipanda treni ya umeme Alhamisi jioni unalala kwangu asubuhi tunaenda wote, nikae na wewe pale chini ya mti, unaweza? Nauli tugawane? Nijibu kwa kuandika, voisi usitume.

Stela