Debbie Allen si mwigizaji tu

Mhariri,

Kila anapotajwa Debbie Allen magazetini, huitwa "mwigizaji wa Marekani", basi. Mnampunja. Mama huyu ni mcheza dansi kwanza. Mwaka 1980 aliigiza Anita katika tamthilia ya muziki ya West Side Story jukwaani Broadway, New York; mwaka 1982 akaingia kwenye tamthilia ya televisheni ya Fame, akiigiza mwalimu wa dansi Lydia Grant huku yeye mwenyewe akitunga dansi. Utunzi huo, si uigizaji, ndio uliompa tuzo za televisheni za Emmy miaka ile.

Na kutunga dansi ya jukwaani na ya televisheni si kazi moja, jamani. Jukwaani mtazamaji humwona mchezaji utosini hadi unyayoni. Kwenye televisheni, kamera ikisogelea uso, miguu imeshakatwa. Mtunzi lazima ajue mapema hatua ipi itaonekana na ipi itapotea bure.

Bado naikumbuka ile fimbo yake ndefu katika Fame, akiigonga sakafuni mbele ya wanafunzi. Hata mimi niliyekuwa nimejilaza kwenye kochi nilikaa wima.

Mwaka 2001 alifungua chuo cha dansi Los Angeles. Mkimwandika tena, hilo nalo liwemo.

Msomaji wenu wa siku nyingi