Kabla Hamjapiga Kura: Barua kwa Vijana wa Timu Yetu ya Jumapili

Wanangu na wajukuu zangu wa timu,

Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Timu hii imebeba watu wa dini zote tangu siku ya kwanza, basi na salamu ziwafikie wote.

Nimepata habari kwamba mkutano wa wanachama umepangwa mwisho wa mwezi, na ajenda kubwa ni mfadhili aliyekuja na ahadi: seti mbili za jezi, njumu, basi dogo la kusafiria, na fedha za kuingilia ligi ya wilaya. Anataka mambo mawili. Jina libadilike liwe analolitaka yeye, na usajili uandikwe kwa jina lake. Nimesikia pia kwamba mmegawanyika, kwamba kwenye kundi la WhatsApp watu wazima wanatukanana usiku wa manane, na kwamba nahodha wenu amesema historia hailipi nauli. Neno hilo limenikaa moyoni kwa sababu ni la kweli. Nilishika hazina ya timu hii miaka mingi, nauli naijua. Jina la timu silitaji hapa, maana zipo timu nyingi za mchangani zenye jambo hilihili, na ningependa nazo zisome.

Tulianza mwaka 1973, upande wa Temeke, kwenye uwanja uliokuwa na mkorosho pembeni. Tulikuwa vijana kumi na wanne. Wengine walikuwa makuli wa bandarini, wengine wa viwandani Barabara ya Pugu, hii mnayoiita Nyerere leo, mmoja fundi cherehani, wawili hawana kazi. Tulicheza Jumapili kwa sababu Jumamosi watu walikuwa kazini hadi mchana, na wa shifti walirudi wamechoka. Jumapili waliokwenda kanisani wamesharudi na kula, waliokwenda msikitini wameshaswali alasiri, jua limelegea, mpira unapigwa mpaka magharibi. Jumapili ndiyo siku pekee tuliyokuwa nayo, na tuliipa mpira.

Daftari la kwanza ninalo mpaka leo. Ni daftari la shule, la mistari, mchwa wamekula kona moja ya jalada. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kila mchezaji alitoa senti hamsini kila Jumapili. Asiyetoa aliandikiwa deni, acheze asicheze. Mstari mmoja unasema "kushona mpira na blada mpya". Mwingine "mafuta ya taa, mkutano". Mwingine "chokaa". Na mmoja, katikati ya hayo yote, unasema "sanda". Mwenzetu alifariki mwaka wa pili, ndugu zake wako mbali bara, na timu ndiyo iliyomnunulia sanda na kumchimbia kaburi. Nataka neno hilo mlione kwa macho yenu, limeandikwa kwa mwandiko uleule ulioandika bei ya chokaa. Aliyeandika hakuona haja ya ukurasa mwingine.

Miaka ile baada ya Vita vya Kagera, vitu vilipoadimika madukani, hata sabuni ilipangiwa foleni. Jezi tungezitoa wapi? Tulinunua fulana nyeupe za ndani, moja leo moja wiki ijayo, hadi zikatimia kumi na mbili. Mama mmoja wa jirani, ambaye mwanawe alikuwa beki wetu wa kulia, akazichovya rangi ya kijani kwenye sufuria lake la ubwabwa. Mvua ya masika ilipotukuta uwanjani, rangi ilishuka mpaka kwenye soksi. Akazichovya tena. Alizifua fulana zile kila Jumatatu kwa miaka isiyopungua sita, na jina lake halimo kwenye orodha ya wanachama hata mara moja. Nimelitafuta. Mwenye kuandika orodha nilikuwa mimi.

Mwaka 1982 tulipasuka. Palikuwa na mashindano ya kugombea mbuzi, na kiongozi wetu mmoja akaleta mamluki watatu kutoka mtaa mwingine, akawapa posho kutoka kwenye michango. Vijana waliotoa senti zao mwaka mzima wakakaa chini ya mkorosho wakiwatazama wageni wamevaa fulana zao. Tulishinda. Mbuzi alichinjwa, lakini nusu ya timu haikuja kula. Jumapili iliyofuata mtaa ule mmoja ulikuwa na timu mbili. Upande mmoja ulibaki na mpira na fulana, upande wa pili ulikuwa na miti ya magoli, kwa kuwa ililazwa uani kwa mmoja wao. Hawa wana mpira hawana goli, wale wana goli hawana mpira. Kwa miezi minane hakuna aliyecheza mechi ya maana, na ndugu wa tumbo moja walipitana njiani bila salamu. Hatukupatanishwa na mzee yeyote. Tulichoka tu, jioni moja miti ya magoli ikaletwa uwanjani na kusimikwa bila mtu kusema neno.

Najua kuna mwenzenu atajibu kwamba hata timu kubwa zimepasuka na dunia haikuisha. Ni kweli. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iliingia kwenye mgogoro mzito, kundi kubwa likatoka na kuunda Pan African, na mwaka 1982, mwaka uleule sisi tuliokuwa tukigombea miti ya magoli, Pan African wakawa mabingwa wa Tanzania. Sasa tazameni walipo. Hawamo Ligi Kuu. Cosmopolitan walichukua ubingwa mwaka 1967, Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars walishuka kutoka milima ya Rungwe mwaka 1986 wakawatoa jasho wenye nchi na kuondoka na kombe. Nililia kwa furaha siku ile, na mimi si Mnyakyusa. Zote hizo leo hamzioni Ligi Kuu, na kijana wa miaka ishirini ukimtajia Cosmopolitan atadhani unamtajia hoteli.

Miaka mingi nimejiuliza kwa nini Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimevuka yote hayo. Zimefungwa, zimegombana, zimefukuza viongozi, zimekosa fedha za kambi. Jibu langu ni kwamba zina wenyewe. Ukienda Kariakoo utaliona jengo la Yanga pale Twiga na Jangwani, na la Simba pale Msimbazi. Ukikaa kwenye baraza zake utawakuta wazee ambao hawajawahi kupiga mpira hata siku moja, wana kadi mfukoni, na kiongozi akipita wanamuuliza mapato ya mechi iliyopita. Ubingwa uliwajengea majina, lakini watu wa barazani ndio wanaowaweka hai.

Kuhusu jina, nitasema jambo ambalo wazee wenzangu hawatalipenda. Jina linaweza kubadilika. Simba ilianza ikiitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, na kwa jina hilo la mji wa Waingereza ikachukua ligi ya taifa ya kwanza kabisa mwaka 1965. Ilipofika 1971 ikajiita Simba, na watu walewale waliokuwa wakiishangilia jana wakaishangilia kesho. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 1980 serikali ilitaka timu ziache majina ya makabila: Luo Union ikawa Re-Union, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Ingwe, kama mashabiki wanavyoiita, inanguruma mpaka leo. Kwa hiyo simpingi anayetaka jina jipya. Nauliza tu nani amelitaka. Nyie mkikaa mkajadili mkaona jina letu limechakaa, badilisheni, nami nitajifunza kulitamka. Likitoka kwa mtu mmoja pamoja na basi, siku basi likirudi kwake jina nalo litaondoka, na mtabaki kumi na moja msiojua mjiite nini.

Lile la usajili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 1994 tulifika uwanjani Jumapili tukakuta bikoni mbili za saruji ndani ya kumi na nane ya goli la kaskazini. Tulidhani ni watoto. Jumapili ya tatu zilikuwa saba, na mkorosho umekatwa. Tukaunda ujumbe wa watu watano, mimi nikiwa mmoja wao, nikavaa shati langu la harusi, nikabeba daftari. Kwenye ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, tulikaa benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Bwana aliyetupokea hakutukaripia hata kidogo. Alituuliza swali moja: "Ninyi ni nani?" Tukamwambia ni timu, tumecheza pale miaka ishirini na moja. Akauliza mna cheti cha usajili? Hatuna. Katiba? Hatuna. Barua yoyote yenye jina la timu na mhuri wa mtu yeyote? Nikafungua daftari nikamwonyesha senti hamsini, chokaa, blada. Akaligeuza kurasa mbili tatu kwa heshima, akalifunga, akanirudishia. Alisema, "Mzee, hili ni daftari." Nilikuwa na miaka arobaini tu, lakini siku ile ndiyo nilianza kuitwa mzee.

Uwanja ule sasa una nyumba tisa. Simlaumu bwana yule. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ilikuwepo tangu mwaka 1967, kabla hata timu yetu haijazaliwa, na msajili wa vyama na vilabu vya michezo yupo kwa kazi hiyo. Sisi ndio tuliokuwa tukisema, ah, mpira wa Jumapili unahitaji karatasi gani? Tulijuana, tukadhani kujuana kunatosha.

Ndiyo maana nawaomba kwa moyo wangu wote: cheti kile kisiandikwe jina la mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, hata awe mwanangu. Mfadhili si adui. Mpeni kiti cha mbele, tangazeni biashara yake kifuani mwa jezi, mkiandikiana mkataba wa misimu miwili wenye tarehe ya mwisho na sahihi za pande zote. Simba ilipoingia kwenye mfumo wa hisa, wanachama walipiga kura mwaka 2017 na mwekezaji akapewa nafasi ya asilimia 49, kwa kuwa kanuni zilitaka asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Hiyo ni klabu yenye kuhesabu mabilioni. Kama wao, kwa fedha zote zile, hawakutoa timu nzima, sisi tunaitoaje kwa seti mbili za jezi na basi?

Na wewe nahodha, mwanangu, nauli tuizungumze. Nimepiga hesabu. Mko ishirini na wanane, na wakongwe wa veterani kumi na tisa. Kila mmoja akitoa elfu moja kila Jumapili, mnapata elfu arobaini na saba kwa wiki, na ligi ya wilaya haichezwi mbali kiasi hicho. Haitoshi njumu mpya, nakubali. Inatosha daladala ya kwenda na kurudi na maji ya kunywa, na inatosha kumwambia mtu yeyote mwenye basi kwamba asante, tutakuja kwako ila hatuji mikono mitupu. Asiyetoa aandikwe deni, acheze asicheze. Wa kwanza kuandikwa niwe mimi. Ya kwangu ya miezi mitatu nimeshampa mweka hazina wenu.

Ninyi mnaotukanana usiku kwenye simu, nawasihi muache. Mtu ukishamwandikia tusi hulifuti kwake hata ukilifuta kwako. Mkutanoni mtakaa benchi moja, na Jumapili yake utahitaji akupe pasi.

Daftari nitakuja nalo siku ya mkutano. Yale mawili yaliyofuata pia ninayo, ila la mwaka 1989 liliharibika kwa maji na baadhi ya kurasa zimeshikana. Mwenye simu nzuri ayapige picha yote, ukurasa kwa ukurasa, kabla kura haijapigwa, na picha zikae kwa watu zaidi ya watano. Rasimu ya katiba mwiteni yule kijana wetu anayesoma sheria aipitie. Alikulia kwenye uwanja wetu, hatawadai.

Ombi la mwisho ni dogo. Mkutano mmeuweka saa moja usiku. Uletwe saa kumi jioni, Jumapili, mahali penye kivuli. Yule mama aliyechovya fulana zetu yungali hai, macho yake hayaoni vizuri gizani, na nimemwambia safari hii jina lake litasomwa kwenye orodha ya wanachama na atapiga kura kama ninyi. Amekubali kuja. Anakuja na wenzake wawili, wale waliokuwa wakitupikia uji wakati wa mashindano. Wawekeeni viti vya kuegemea, vitatu, karibu na meza.

Mzee wenu,
Mweka hazina wa zamani
Temeke, Dar es Salaam