Mabadilishano ya wachezaji yasipimwe kwa ukubwa wa jina

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwezi Februari, vijiwe vya mpira wa kikapu hapa Dodoma hujaa mapendekezo ya nani aende wapi, na kurasa za michezo nazo huzipokea habari hizo kwa mtindo mmoja: nyota anayepatikana hupewa picha na kichwa cha habari, huku kijana anayetolewa akitajwa mwishoni kama nyongeza. Naona mtazamo huo una kasoro, hasa kijana huyo anapokuwa pointi gadi, yaani mchezaji anayeuongoza mpira na kuichezesha timu.

Anayechezesha timu huchelewa kukomaa, kwa kuwa kazi yake ni kuwasoma watu tisa wengine uwanjani, na usomaji huo haupatikani mazoezini peke yake. Shai Gilgeous-Alexander alimaliza msimu wake wa kwanza Los Angeles Clippers akiwa na wastani wa pointi 10.8 kwa mchezo. Julai 2019 akatolewa, pamoja na Danilo Gallinari na machaguo matano ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya wanaoingia ligi), ili Paul George apatikane. Mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali, akaipa Oklahoma City Thunder ubingwa akiwa na Jalen Williams, aliyepatikana mwaka 2022 kwa mojawapo ya machaguo hayo. George alikuwa ameshaondoka Clippers mwaka uliotangulia bila kuifikisha fainali.

Mfano wa Sacramento Kings ni mgumu zaidi, na ndio ninaoufikiria mara nyingi. Walikuwa na vijana wawili wa nafasi hiyo, De'Aaron Fox na Tyrese Haliburton, wakaamua kwamba hawawezi kuwabakiza wote. Februari 2022 Haliburton, aliyekuwa bado katika msimu wake wa pili, alipelekwa Indiana Pacers, naye Domantas Sabonis akaja. Haki lazima isemwe: mwaka 2023 Kings walirudi kwenye mchujo wa kuwania ubingwa baada ya kuukosa kwa misimu 16, na Sabonis alikuwa nguzo ya timu hiyo. Lakini Februari 2025 Fox naye akaenda San Antonio, na miezi minne baadaye Haliburton alifunga kikapu cha ushindi katika mchezo wa kwanza wa fainali zikiwa zimebaki sekunde 0.3. Pacers walishindwa katika mchezo wa saba, yeye akiwa ameumia vibaya mguu, lakini hawakuwa wamefika fainali tangu mwaka 2000.

Watanzania tulipaswa kulielewa jambo hili mapema. Katika drafti ya mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu, mchezaji mrefu, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, fahari ambayo haijafutika, na Stephen Curry, pointi gadi, akachaguliwa wa saba na Golden State Warriors. Machi 2012 Warriors walimtoa Monta Ellis, kipenzi cha mashabiki, wakamchukua Andrew Bogut aliyekuwa majeruhi, na Curry akaachiwa timu ilhali kifundo cha mguu kilikuwa kinamsumbua. Mashabiki walimzomea mmiliki, Joe Lacob, hadharani. Uamuzi uliozomewa usiku ule ndio uliofungua njia ya mataji.

Haya hayaishii Marekani. Katika viwanja vya Chinangali nimemwona kijana mfupi akidunda mpira kwa mkono wa kushoto, macho juu, akimngoja mlinzi ahamishie uzito kwenye mguu mmoja ndipo ampite upande wa pili na kutoa pasi bila kuutazama mpira. Timu zilipopangwa, waliotangulia kuchukuliwa walikuwa warefu. Inaniuma, kwa sababu watoto hawa na makocha wao hujifunza thamani ya mchezaji kutokana na wanachosoma, na wanachosoma kwa wingi ni kurasa zenu.

Kwa hiyo ninaomba, mnapoandika habari za mabadilishano, mtaje pia umri wa kijana anayetolewa, yuko msimu wa ngapi, mkataba wake umebakiza miaka mingapi, na amepewa dakika ngapi uwanjani, ili msomaji aweze kupima mwenyewe kilichotoka pamoja na kilichoingia.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma