Barua kwa Somo Yangu: Wavu, Vina na Iliki

Tanga,
Jumapili, baada ya alasiri

Somo yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu alipoanza kukandwa. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetususa na maji ya bomba yanatoka usiku wa manane kama mwizi. Mama Rukia anakusalimu sana, na anasema lile deni la kanga hajalisahau. Mzee Kombo naye bado yupo, bado anabishana.

Najua nimekaa miezi minne bila kukujibu, na ninajua pia kwamba umekwisha kuamua kuwa nimekasirika. Ni kweli, nilikasirika kidogo. Mtu anakutumia rafiki yake mashairi matatu aliyoyatunga kwa jasho lake, tena huru, yasiyo na vina wala mizani, ya kwanza maishani mwake, na rafiki anajibu kwa mishororo miwili tu, bila hata salamu:

Wavu ukiuondoa, huo tena si mchezo,
Vina ukiviondoa, shairi lako ni bezo.

Nilihesabu mizani kwa vidole nikitumaini kukukamata. Nane ukwapi, kipande cha kwanza, nane utao, kipande cha pili, kumi na sita kamili katika kila mshororo. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi.

Lakini lililonifanya nishike kalamu leo si hasira, bali ni shida, nayo inahitaji hukumu yako kabla ya Ijumaa. Shuleni kwetu kuna shindano la mashairi la wanafunzi, na mimi ni mmoja wa waamuzi watatu. Tangazo lililobandikwa ubaoni lilitaja mambo mawili tu: shairi lisipungue beti tano, na mtunzi awe mwanafunzi wa shule. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ameleta shairi lisilo na kina hata kimoja. Wenzangu wawili wanataka litupwe nje kabla halijasomwa hadi mwisho, kwa hoja ileile uliyonitumia wewe. Mmoja wao (utamkisia) ametamka kwa sauti ya khatibu kwamba shairi lisilo na vina na mizani ni guni, na kwamba guni halishindanishwi.

Kabla sijakueleza shairi lenyewe, niruhusu nikujibu kuhusu wavu, kwa sababu neno lako limenikaa kichwani miezi yote minne, hasa jioni tunapocheza mpira wa vinyoya, yaani badminton. Kwanza, usijivune sana: mfano huo si wako. Mshairi wa Kimarekani Robert Frost alikwisha kuutoa zamani kwa tenisi, kwamba kutunga shairi huru ni kama kucheza tenisi huku wavu umeshushwa. Wewe umebadilisha raketi tu.

Pili, wavu tunao. Nyuma ya nyumba ya Mama Rukia tumefunga kipande cha jarife kuukuu baina ya nguzo mbili, na tumeupima kwa futi ya fundi seremala: mita 1.55 kwenye nguzo na mita 1.524 katikati, kama kanuni za mpira wa vinyoya zinavyotaka. Uwanja tumeuchora kwa chokaa, mita 13.40 kwa 6.10, ingawa upande mmoja mstari unapita juu ya mzizi wa mwembe. Nami nakiri mbele yako kwamba kabla ya kuchora mistari ile hatukuwa tukicheza lolote la maana. Kila mtu alikuwa akipiga kinyoya popote, mwenzake akikimbia kama anayefukuza kuku, na baada ya dakika kumi tulikuwa tumechoka na tumenuniana. Mistari ilipochorwa ndipo tulipoanza kuona ujanja: kile kipigo kidogo cha karibu na wavu, kinachodondoka upande wa pili kama jani, hakiwezi hata kufikiriwa mahali pasipo na wavu. Hilo nakuachia, lichukue lote.

Nakuongezea na jingine la kukufurahisha. Unajua kinyoya halali kina manyoya mangapi? Kumi na sita! Kanuni zimeandika hivyo hivyo: manyoya 16 yaliyopachikwa kwenye kitako, na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikasema somo yangu akilijua atalitungia utenzi. Unyoya mmoja ukivunjika, kinyoya kinayumba angani, na hata asiyejua kuhesabu hukiona kinayumba, sawasawa na sikio la babu yako lilivyokuwa likishtuka mshororo ulipopungua mizani moja.

Sasa nisikilize na upande wangu. Saa za mchana, sisi tukiwa kazini, watoto wa Mama Rukia huchukua raketi zetu na kucheza kwenye kijia cha mbele, ambako hakuna wavu, hakuna mstari, na mbuzi wanapita. Kwa hukumu yako, huo si mchezo. Lakini nimesimama dirishani nikawatazama. Hawashindani, wanahesabu. Kinyoya kisianguke, basi. Wakifika thelathini wanaanza kunong'ona, wakifika arobaini hakuna anayepumua, na kikianguka wote wanapiga ukelele na kuanza upya kutoka moja. Kanuni yao ni moja tu, nayo ni kali kuliko zetu zote, kwa kuwa haina mpinzani wa kumlaumu. Na huo si utoto mtupu. Kabla watu hawajafunga wavu, Ulaya walikuwa wakicheza mchezo wa namna hiyohiyo, wawili au zaidi wakirushiana kinyoya kwa vibao ili kisiguse ardhi. Wavu na mashindano vilikuja baadaye. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa Pune, India, ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika kanuni, katika miaka ya 1870. Kwa hiyo, somo yangu, mchezo usio na wavu ndio mzazi. Wewe unamkana mama kwa kumsifu binti.

Nawe utaniambia kwamba ushairi wetu una mistari yake tangu zamani. Ndiyo, lakini ni nani aliyeichora kwanza? Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alikufa 1840, na tungo zake zimesimama hadi leo. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954. Waliotunga walisikia kwanza kwa sikio, aliyeandika akapima baadaye. Na mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, akaacha vina na mizani kwa makusudi akitaka shairi lisogee karibu na maneno ya watu wa kawaida, alitukanwa vya kutosha. Mimi sidhani aliondoa wavu. Nadhani alitoka nje kwenye kijia cha mbele akaanza kuhesabu.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki ulikwepe. Nakumbuka michezo miwili ya tarehe 31 Julai 2012, kule Wembley Arena, kwenye Olimpiki ya London. Jozi nne za wanawake, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, zilikuwa zimekwisha kufuzu raundi ya mtoano, na zikaona kwamba zikishindwa mchezo wa mwisho wa kundi zitapangiwa wapinzani wanaozifaa zaidi. Wakaanza kushindania kushindwa. Wanaanzisha mpira, unagonga wavu. Wanapiga nje makusudi. Watazamaji wakazomea. Hakuna aliyeusogeza wavu, hakuna aliyefuta mstari, kila pointi ilihesabiwa kwa haki, na bado siku ya pili wachezaji wote wanane waliondolewa kwenye mashindano kwa kosa la kutocheza kwa juhudi zao zote. (Mmoja wao, Greysia Polii wa Indonesia, alirudi akachukua dhahabu Tokyo mwaka 2021, nami nililia kama ni binamu yangu.) Sasa niambie: mashairi mangapi tumeyasoma magazetini, vina vimepangwa kama vigae, mizani imetimia, na ndani yake hamna mtu anayecheza? "Kwa yakini" ya kuziba nafasi, "nawaambia" ya kuziba nafasi, "bila shaka" ya kuziba nafasi. Wewe mwenyewe chuoni uliwahi kutia "kwa hakika" mara saba katika shairi moja kuhusu malaria. Ninalo bado.

Nisije nikapotea. Shairi la kijana linamhusu mama yake, ambaye anauza maandazi. Ubeti wa kwanza ni huu:

Unga.
Sukari.
Hamira.
Mafuta.
Maji.
Mama huamka kabla ya adhana, huvihesabu kwa vidole vitano.

Ubeti wa pili sukari haipo, na vidole ni vinne. Wa tatu hamira imetoka, vidole vitatu. Hakuna neno la umaskini hata moja, hakuna bei, hakuna kilio. Kitu kimoja tu kinatoweka kila asubuhi, na kidole kimoja kinakunjwa. Ubeti wa tano una neno "Maji", kisha mama na kidole kimoja. Niliposoma mara ya kwanza nilikiweka kikaratasi mezani nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Lakini ubeti wa nne, somo yangu, ubeti wa nne unasema:

Unga.
Maji.
Na iliki.
Mama huamka kabla ya adhana, huvihesabu kwa vidole viwili.

Iliki imetoka wapi? Mafuta yamekwisha, sukari ilikwisha zamani, halafu inaingia iliki, na vidole ni viwili lakini vitu ni vitatu. Nilimwita kijana pembeni nikamuuliza. Akajibu bila kusita, "Mwalimu, iliki inanukia vizuri hapo. Na shairi si ni huru?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na wavu wako, kwa sababu jibu hilo nalijua, nimelitumia mwenyewe. Wiki mbili zilizopita, mimi na Mama Rukia tukiwa 20 kwa 19, yeye akihitaji pointi moja, alikita kinyoya kikaangukia pembeni kabisa. Nikasema kimetoka. Upepo wa baharini ulikuwa umeifagia chokaa, hapakuwa na wa kunibishia, nami nikaonyesha kwa kidole mahali mstari ulipo, yaani mahali nilipotaka uwepo. Kilikuwa kimegusa mstari, Zuhura, na kinachogusa mstari kimeingia. Nilikiona. Seti hiyo nilishinda mimi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ninautaka uugonge. Kijana huyu hana kosa lolote la vina, kwa kuwa hakuahidi vina, wala tangazo halikuvidai. Kosa lake ni iliki. Alichora mstari wake mwenyewe katika ubeti wa kwanza, akatufundisha kuusoma katika wa pili, akatufanya tuuogope katika wa tatu, halafu katika wa nne akausogeza kwa sababu kinyoya chake kiliangukia nje. Atolewe alama kwa hilo, tena nyingi. Lakini ukimwondoa kwenye shindano kwa ajili ya vina, hutampa hata nafasi ya kujua kwamba alikosea wapi hasa. Kuhusu mstari huo wa kijana, wenzangu wanasema kanuni ambayo haikuandikwa popote si kanuni. Lakini hata wanaocheza kwa vitabu, hadi 2018, walitakiwa kuanzisha mpira chini ya kiuno, na kiuno kilipimwa kwa ubavu wa mwisho wa mchezaji, ambao hakuna mwamuzi aliyeuona. Ndipo wakaweka mita 1.15 kutoka chini kwa wote. Kwa miaka yote hiyo mchezo ulichezwa kwa ubavu wa kukisia.

Na bado kuna kitu kinaniwasha. Juzi usiku nimelala nikajiuliza: je, kama iliki haimo kabisa kwenye karai, na anachonusa mama ni harufu ya mwaka jana, iliyobaki kwenye kinu? Hapo vidole viwili vingekuwa sahihi, na iliki ingekuwa pigo la ustadi kuliko yote. Lakini mtunzi mwenyewe amenitamkia kuwa aliitia kwa kuwa inanukia. Nimsikilize yeye, au nilisikilize shairi?

Basi nijibu, na safari hii kwa maneno ya kutosha. Ungekuwa mwamuzi wa tatu, ungelipa alama ngapi kati ya ishirini? Babu yako angesemaje, yeye aliyekuwa akihesabu kwa tasbihi? Ukiusoma ubeti wa nne kwa sauti, unaisikia iliki ikiyumba, au ni mimi tu niliyekwisha kuitia shaka? Nimweleze kijana, au nimwache agundue? Na nimwambie Mama Rukia ukweli kuhusu ile pointi, au imekwisha kupita? Goti la mama linaendeleaje hasa, maana mara ya mwisho ulinificha? Na utavuka lini? Ukivuka, tafadhali tuletee vinyoya, vya manyoya na si vya nailoni. Vyetu vimebaki viwili, na kimoja kina manyoya kumi na matano.

Somo yako akupendaye,
Zuhura