Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma

YAH: MESEJI ZA MATANGAZO ZISIZO NA NJIA YA KUJITOA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sheria mnayoisimamia, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwananchi haki ya kumtaka mkusanyaji wa taarifa aache kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara. Shida ni namna ya kuitumia haki hiyo. Meseji ya ofa huja kwa jina la herufi, si kwa namba. Ukijibu "ONDOA" haiendi, maana jina la herufi ni la kutuma tu, halipokei. Ukilizuia kwenye simu unapumua, hadi kampuni ileile ije na jina jipya. Wanaopiga simu ndio kabisa: wana laini nyingi, unazuia moja wanaibukia nyingine.

Namba 15040 ya kuripoti meseji za utapeli ipo, na kwa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ndiyo njia sahihi. Lakini dalali anayekutangazia viwanja vya Nala na Ihumwa kila Jumatatu huenda si tapeli. Ni msumbufu tu, na msumbufu hana pa kushtakiwa kwa urahisi.

Tunaomba Tume, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ielekeze kila meseji ya tangazo imalizike kwa namba fupi ya kujitoa, ya bure, inayokubali hata simu isiyo na salio. Hapo kuna jambo moja la kiufundi ambalo likikosewa kazi yote ni bure. Mtu akijitoa, namba yake isifutwe tu. Iingizwe kwenye orodha ya wasiotumiwa, na mfumo uipitie orodha hiyo kabla ya kila mkupuo. Ikifutwa tu, siku afisa masoko akipakia faili lake la zamani la Excel, namba inarudi kama kawaida. Orodha hiyo iwepo pia kwa kampuni inayosambaza meseji kwa niaba ya wengine.

Wasiseme haiwezekani. Tangu mwaka 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua pepe zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye akaunti zake waweke kitufe cha kujitoa kwa mguso mmoja kwenye barua za matangazo, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Kampuni zetu zinazotuma barua nyingi kiasi hicho nazo zinabanwa na sharti hilo. (Barua ya mtu usiyemjua kabisa ni habari nyingine: usibonyeze "jitoe", utakuwa umemthibitishia kwamba anwani yako inatumika. Iripoti kama barua taka, uzime na upakuaji wa picha.)

La mwisho ni daftari la wageni getini. Jina, unakotoka, namba ya simu, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi, na ukurasa mzima uko wazi kwa kila anayefuata. Kuupiga picha ni sekunde mbili. Ofisi nyingi za hapa Dodoma, za umma na binafsi, zinalo, na nyumba za wageni vilevile. Mgeni aandike kwenye karatasi yake, itumbukizwe kwenye sanduku lenye kufuli, au safu ya namba ya simu iondolewe. Tunapendekeza agizo hilo lianzie kwenye mageti ya Mji wa Serikali, Mtumba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi wa mifumo ya meseji na barua pepe, Dodoma