Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020: Ushauri Nasaha kwa Njia ya Simu

Walimu wenzangu,

Shule za Kenya zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, vyumba vyetu vya ushauri nasaha vilifungwa pamoja nazo. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea tarehe 12 Oktoba. Waliobaki wanangoja Januari 4, 2021. Muda wote huo mwanafunzi amepatikana kwa simu, na simu yenyewe mara nyingi ni ya mzazi. Ugumu mkubwa wa mwaka huu umetoka hapo, wala si kwenye mtandao.

Idhini hutangulia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Mzazi aelezwe mapema kwamba yatakayosemwa hayatarudishwa kwake, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Asipoelezwa, atakaa karibu asikilize.

Simu ikipokelewa, yaulizwe mambo matatu kabla ya lolote: uko wapi, nani yuko karibu, na ikikatika nani apige. Mshauri ndiye apige, maana mtoto hana salio. Kubalianeni neno la tahadhari. Mwanafunzi akitaja hesabu, mjue kuna aliyeingia, nanyi mhamie kwenye masomo. Akiwa hawezi kusema wazi, muulize maswali ya ndiyo au la.

Simu ya kawaida imefaa kuliko video. Video hula bando, hukwama, na huanika nyumba ambayo mtoto pengine anaionea haya. Hasara ya simu ya kawaida ni kwamba machozi hayaonekani. Kwa hiyo ukimya uulizwe: "Umenyamaza, unafikiri, au kuna mtu?" Nusu saa yatosha, kwani zaidi ya hapo wote wawili huchoka na mwenye simu huanza kuidai.

WhatsApp itumike kupanga saa tu. Ujumbe hujitokeza kwenye kioo, na ukiufuta, alama ya kwamba umefutwa hubaki na kuzua maswali. Kumbukumbu ziandikwe daftarini kwa nambari ya siri, jina likae kwingine.

Mwanafunzi akitaja kujiua, usikate simu. Tumia simu ya pili kumwita mtu mzima aliye karibu naye, ambaye nambari yake ulikwisha kuichukua siku ya kwanza. Anayemdhulumu akiwa ndiye mwenye simu, usitume ujumbe wowote. Piga 116, nambari ya msaada kwa watoto, ya bure usiku na mchana, kisha umjulishe afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Hili lisingoje kikao cha pili.

Kamati inauomba mkutano mkuu upitishe mawili. Kwanza, kila shule igharimie laini ya pili kwa mshauri, ili nambari yake binafsi isizagae. Pili, fomu ya kujiunga na shule iwe na idhini ya ushauri nasaha na nambari za watu wazima wawili wasioishi nyumba moja.