Barua kwa Mwanangu Aliye Jena: Lenzi za Babu Yako na Mwanga wa Alfajiri

Lindi Mjini,
Septemba

Kwako mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujerumani. Sisi hatujambo, baba yako na wadogo zako wanakusalimu, na kusi limeanza kulegea. Nimefurahi kusikia kwamba mama yako mdogo amekufikishia kifurushi salama na kwamba lenzi zote mbili zimefika bila mkwaruzo. Umeniuliza jinsi ya kuzitumia kwenye kamera yako ya kidijitali, ukaniambia pia kwamba unataka kupanda vilimani alfajiri mwezi Oktoba, majani yatakapoanza kugeuka rangi. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukujibu kwa simu, kwa sababu maelezo yake ni marefu na ningependa uyahifadhi.

Lenzi hizo zilikuwa za marehemu babu yako, alizipata pamoja na kamera yake ya Praktica, na kwenye ukingo wa mbele wa kila moja utasoma maneno Carl Zeiss Jena. Zimerudi zilikotoka, maana Carl Zeiss alifungua karakana yake katika mji huohuo unaosoma wewe, mwaka 1846. Ile ya milimita 50 inaitwa Tessar, na umbo lake linatokana na ubunifu wa Paul Rudolph wa mwaka 1902, wenye vipande vinne tu vya kioo. Uchache huo una faida utakayoiona alfajiri: kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha nyuma sehemu ya mwanga, na mwanga unaorudi huzagaa ndani ya lenzi na kuififisha picha, kwa hiyo lenzi yenye nyuso chache hulikabili jua vizuri zaidi. Ile ya milimita 35, Flektogon, ina vipande vingi zaidi, lakini imepakwa tabaka kadhaa za utando wa kupunguza mwanga huo wa kurudi. Utando wa kupunguza mwanga wa kurudi nao ulizaliwa Jena, ukiwa wa tabaka moja, katika kazi ya Alexander Smakula ya mwaka 1935. Kwa mandhari ningekushauri uanze na Flektogon, na Tessar uitumie unapotaka kukitenga kilima kimoja au mti mmoja.

Jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote ni hili: picha ya alfajiri huamuliwa gizani. Jua likishachomoza hakuna nafasi ya kutafakari. Mahali pa kusimama, umbali wa kulenga, ukubwa wa apecha (lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ambalo namba yake ikiwa kubwa lenyewe huwa dogo), kipi kiingie kwenye picha na kipi kiachwe nje, yote hayo yawe yamekwisha kuamuliwa wakati bado unamulika njia kwa tochi. Ndiyo sababu nazipenda lenzi hizi za mkono kwa kazi hii. Lenzi ya kisasa inayojilenga yenyewe huhangaika kwenye giza na ukungu, huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta mahali penye mstari ulio wazi, na huenda ikaanza kutafuta upya kila unapobonyeza. Hizi za babu yako hubaki pale ulipoziweka.

Tuanze na adapta. Lenzi zote mbili zina hesi ya kipenyo cha milimita 42 na zilibuniwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kamera yako ya Sony haina kioo cha kuinuka na kushuka ndani yake, kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya mdomo wake na sensa, yaani kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu, ni milimita 18 tu. Adapta ni bomba tupu la chuma linaloziba tofauti hiyo ya milimita 27 na ushei, na isiwe na kioo chochote ndani. Hakikisha ina ukingo unaokibonyeza kijipini kilicho nyuma ya lenzi, kwa sababu bila hivyo apecha inaweza kubaki wazi hata ukiizungusha pete yake. Kisha ingia kwenye menyu, uiruhusu kamera ipige picha hata isipoitambua lenzi. Ukiwa umeisimamisha kwenye tripodi, zima kile kifaa cha ndani cha kutuliza mtikisiko.

Adapta nyingi hutengenezwa zikiwa fupi kidogo kwa makusudi, ili lenzi isishindwe kulenga mbali kabisa. Matokeo yake ni kwamba ukiizungusha pete hadi mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, utakuwa umepitiliza, na vilima vya mbali vitatoka laini bila wewe kuelewa sababu. Usiiamini alama hiyo. Tafuta taa ya nyumba iliyo mbali au nyota, fungua apecha yote, kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi mwisho, kisha zungusha pete taratibu mpaka ile nukta ya mwanga iwe ndogo kuliko zote. Hapo ndipo penye ukweli wa lenzi yako na adapta yako.

Kuna jambo la pili kuhusu pete hiyo ambalo watu wengi hulikosa. Ile mistari ya pande mbili inayoonyesha kina cha picha, yaani kuanzia wapi hadi wapi vitu vitaonekana vikali, ilipimwa kwa filamu ya milimita 24 kwa 36. Sensa yako ni ndogo kuliko hapo, na picha yake hukuzwa zaidi mpaka ifikie ukubwa uleule, kwa hiyo mistari hiyo inakuahidi zaidi ya utakachopata. Ukiwa na apecha ya 8, soma mistari ya 5.6. Kwa Flektogon kwenye apecha ya 8, filamu ingetaka ulenge umbali wa mita 5 hivi ili upate ukali kuanzia karibu hadi upeo wa macho. Kwa sensa yako lenga karibu mita 8, nawe utapata kuanzia mita 4 hivi na kuendelea. Mita 8 ni kama hatua kumi za mtu mzima. Weka tochi yako chini, hesabu hatua, geuka uilenge huku umekuza kioo, kisha bandika kipande cha plasta kwenye pete ili isisogee. Sasa funga apecha hadi 8 na usiiguse pete tena. Unaweza kufika 11 ukihitaji, lakini usiende mbali zaidi, maana tundu likiwa dogo sana mwanga husambaa ukingoni mwake na picha yote hupoteza ukali.

Sasa nizungumzie mwanga wenyewe, kwa sababu hapa utakuta tofauti kubwa na ulichozoea huku. Ulijifunza kupiga picha ufukweni, ukitazama mashua zikitoka upande wa Kitunda, na unajua jinsi jua la kwetu lisivyosubiri mtu. Lindi iko digrii 10 kusini mwa ikweta, jua hupanda karibu wima, na kuanzia anga linapopata nuru ya kutosha mpaka jua lenyewe kutokeza ni dakika 20 na kidogo tu. Katikati ya Oktoba linachomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na baada ya nusu saa vivuli vimekwisha kuwa vikali. Jena iko karibu digrii 51 kaskazini. Huko jua hupanda kwa mshazari, mapambazuko hukaa zaidi ya nusu saa, na baada ya kuchomoza utakuwa na dakika 40 hivi kabla halijafikia digrii 6 juu ya upeo. Litachomoza baada ya saa moja u nusu, na kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Usikubali wingi huo wa muda ukulegeze. Utumie kungoja, maana rangi ya bluu ya mwanzo, waridi inayofuata na manjano ya mwisho ni picha tatu tofauti za mahali palepale.

Weka mizani ya rangi kwenye mwanga wa mchana na uiache hapo. Kamera ikiachiwa kuchagua yenyewe hudhani bluu ya alfajiri ni kasoro, ikaisafisha, kisha ikapunguza na udhahabu wa jua. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata, na upime mwanga kwa kuangalia anga, kwa kuwa sehemu ya anga iliyoungua na kuwa nyeupe hairudi, ilhali kwenye giza la bonde bado kuna mengi ya kuokoa.

Kuhusu majani, wekundu wa huko na wekundu wa miyombo tunayoiona tukipita kati ya Masasi na Nachingwea mwezi huuhuu wa Septemba hautokani na hali moja. Miyombo yetu hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla mvua hazijaja, halafu ndiyo yanakuwa kijani. Huko ni majani yanayozeeka: siku zinapofupika, mti huvunja klorofili, ile rangi yake ya kijani, na kuirudisha shinani sehemu ya chakula chake, na manjano iliyokuwa imefichwa chini ya kijani huonekana. Wekundu wenyewe, katika miti iliyo nao, hutengenezwa upya wakati huo. Kwa mpiga picha, manjano ni nyepesi na hupitisha mwanga, kwa hiyo jani la manjano lipige likiwa kati yako na jua. Mizabibu ya bonde la Saale na ile miti jamii ya misonobari waiitayo Lärche, inayopukutisha sindano zake zikishakuwa za dhahabu, itakufaa sana kwa namna hiyo. Mialoni hugeuka kahawia na huchelewa. Hiyo ningeipiga siku ya mawingu, na kichujio cha kuondoa mng'ao, kwa sababu umande hulifanya jani liakisi anga na kuipoteza rangi yake. Kichujio kimoja cha milimita 49 kitazitosha lenzi zote mbili.

Umenieleza kwamba mji umekaa bondeni na vilima vya mawe ya chokaa vimeuzunguka. Kilima cha Jenzig kiko mashariki ya mto, kwa hiyo ukisimama huko ukautazama mji jua litakuwa mgongoni mwako na majani yatakosa uhai. Upande wa kilima cha Landgrafen, magharibi, utalikabili jua lenyewe. Mimi ningeenda huko. Lifiche jua nyuma ya shina la mti au lingoje likiwa bado chini ya ukingo wa kilima, na uikinge lenzi kwa kiganja mpaka uone weusi wa vivuli unarudi.

Ukungu ndio nakuombea zaidi. Unakumbuka tulivyosimama Newala, pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma likiwa limefunikwa na ng'ambo ya Msumbiji haionekani? Sababu yake huko ni ileile. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto, hewa ya baridi huteremka bondeni, na unyevu wake hugeuka ukungu chini ya hewa ya joto iliyoufunika. Kwa hiyo angalia utabiri wa jioni: anga safi, upepo mdogo, mto karibu. Siku kama hiyo usilale. Kwenye ukungu chukua Tessar, na ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, kwa sababu weupe huidanganya ikapiga giza.

Imebaki habari ya utunzaji. Huku adui wetu alikuwa kuvu, na nilizihifadhi lenzi hizo miaka yote kwenye kopo lililofungwa lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, endelea hivyo. Adui mpya ni baridi. Grisi ya zamani itakuwa nzito na pete itazunguka kwa shida, nawe usiilazimishe. Ukirudi chumbani, funga kamera na lenzi ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia, uuache umefungwa mpaka vipate joto la chumba, ili umande ujikusanye nje ya mfuko na si kwenye kioo. Flektogon za namna hii zina tabia ya mafuta kupenya kwenye visu vya apecha vikawa vizito kufunga. Ukiona picha zimezidi mwanga ghafla, tazama hapo kwanza. Usiifungue mwenyewe, mtafute fundi wa lenzi hukohuko Jena, uniambie gharama, nami nitaituma.

Wasalaamu,
Mama yako akupendaye